Shahada ya Yago

Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mwaka 1964, foleni ya posta ya Homa Bay ilizunguka jengo zima ikarudi ilikoanzia, hata mtu wa mwisho akawa anatazamana na mtu wa kwanza. Wote walikuwa wakingoja barua za chuo kikuu. Wanaume walivaa makoti ya kanisani. Akina mama walibeba uji kwenye chupa zilizozibwa kwa magunzi ya mahindi. Rispa Ombogo alikuwa wa arobaini na moja, na alisimama peke yake kwa sababu kaka yake Maurice, aliyepaswa kusimama naye, alikuwa kwa fundi cherehani akipimwa suti.

Barua yenyewe ilikuwa haijaja, lakini suti ilikuwa imeshakatwa. Ndivyo chuo kikuu kilivyopendwa mwaka ule. Uhuru ulikuwa na miezi mitatu, Wazungu walikuwa wakiondoka maofisini, na kila mtu kutoka Migori hadi visiwani alijua kwamba viti walivyoviacha vingekaliwa na wenye shahada. Ndama waliozaliwa msimu huo waliitwa Digrii. Wachungaji walikiombea chuo kabla hawajawaombea wagonjwa. Kule Ndhiwa kulikuwa na mzee ambaye hakuwahi kuvuka Kisii, na alikuwa akiapa kwa jina la chuo hicho kama mtu anayeapa kwa mama yake.

Karani wa posta alimpa Rispa barua mbili. Moja ilikuwa ya Maurice. Ya pili ilikuwa ya Rispa mwenyewe, kwa maana Maurice alikuwa amerudia darasa moja njiani, na dada yake, aliyekuwa akimfuata kwa umri, akamfikia na kumpita kidogo kwa alama. Aliisoma yake akiwa ameegemea ukuta. Aliisoma mara tatu, akacheka peke yake, na waliokuwa karibu wakadhani ameposwa. Alikuwa na miaka ishirini na alitaka kusoma historia. Hakuwa na haja nyingine duniani iliyolingana na hiyo.

Nyumbani kwao, kilimani juu ya Mbita, baba yake, Javan Ombogo, mzee wa kanisa, aliisoma barua ya Maurice kwa sauti. Aliwasomea watu wa boma, kisha akatoka akawasomea na ng'ombe. Barua ya Rispa aliisoma kimya, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia, kwenye kitabu cha Hesabu.

"Hii tuiweke kwanza," alisema.

"Baba, imeandikwa niende mwezi wa saba mwaka huu."

"Nyara, binti yangu, walioiandika hawakujui. Chuo hakihami. Kaka yako atangulie afungue njia, halafu tutaona."

Rispa alimwita baba yake tena, na baba yake akaomba chai. Mama yao, Phelesia, alikuwa ameinama akipuliza moto, ingawa moto ulikuwa ukiwaka vizuri.

Wiki ya mwisho ya Mei, Maurice alivuka kwenda Rusinga kuwaaga wajomba zake, maana mtu haendi safari kubwa bila kuwaaga wa kwao mama yake. Wajomba walimchinjia mbuzi. Adhuhuri ya siku ya kurudi, mtumbwi ulipinduka kwenye ule mlango mwembamba wa maji kati ya kisiwa na Mbita, mbele ya watu waliokuwa wakifua. Abiria wanne waliogelea hadi nchi kavu. Maurice alikuwa amevaa viatu vipya vilivyofungwa kamba hadi juu, akazama navyo. Wavuvi walikokota nyavu siku sita. Ziwa lilirudisha kiatu kimoja.

Siku ya saba wazee wakasema litafutwe yago. Mtu asiyepatikana hawezi kuachwa hivi hivi. Hukatwa tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwenye kamba yake juu ya mito, likalazwa ndani kama mtu, likaliliwa, likazikwa kwa jina lake. Likishaliliwa, ndiye yeye. Aliyetumwa kulikata alikuwa jirani yao Nicanor Odera, baba wa mabinti sita, aliyesifika kwa jicho na kwa panga. Alishinda mtoni tangu asubuhi akikataa moja baada ya jingine, na alasiri akarudi na tunda la kimo kizuri, lenye kitu kama mabega.

Walilivika ile suti ya chuo. Mikono ya koti ilikuwa mitupu, kwa hiyo wakaiingiza mifukoni, na Maurice akaonekana kama mtu anayefikiri jambo. Watu walimlilia siku mbili. Rispa alimlilia kuliko wote, kwa kuwa alimpenda kaka yake, na kwa kuwa aliona aibu juu ya wazo lililokuwa likimjia kila alipofuta machozi: kwamba njia sasa ilikuwa wazi.

Kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa, mchungaji amekwisha kufungua kitabu, Javan alipoinua mkono.

"Huyu ni nani?" aliwauliza wazee.

"Ni Maurice."

"Mmemlilia kama nani?"

"Tumemlilia kama Maurice, omera, ndugu yetu. Kwani kuna nini?"

"Basi Maurice ana barua," Javan alisema. "Anatakiwa chuoni mwezi wa saba."

Wazee walikaa chini kulijadili jambo hilo na hawakuona kosa ndani yake. Mmoja aliuliza kama ataweza kutembea, akajibiwa kwamba wenye magari pia hawatembei. Mchungaji aliomba kuiona barua, akaipitia yote hadi kwenye muhuri, akasema hakuna mahali ilipomkataza. Kwa kuwa kaburi lililochimbwa haliachwi wazi, walizika mgomba, wakaimba nyimbo zote walizokuwa wamezipanga.

Rispa alimfuata baba yake hadi zizini.

"Baba, mimi niko hai," alimwambia.

Javan alimtazama kwa upendo. Alimpenda binti yake, asije mtu akasema vingine. "Ndiyo, nyara," alimjibu. "Ndiyo maana tunakuhitaji hapa."

Mwezi wa saba Rispa alilifunga sanduku la Maurice: mashuka mawili, sabuni, Biblia ndogo, na kitambaa kilichoroweshwa mafuta cha kumpangusia ganda lisipasuke. Ndani ya basi Maurice aliketishwa karibu na kijana wa Kikuria kutoka upande wa Migori, Werema Chacha, ambaye naye alikuwa akienda chuoni kwa mara ya kwanza. Javan alimkabidhi mwanawe kwake. Werema alisema hakuna shida, akampisha Maurice dirishani.

Kuandikishwa kulikwenda vizuri. Karani aliita jina, Werema akaitikia kwa niaba, na karani akaweka alama kwenye orodha. Walipewa chumba kimoja. Baada ya wiki tatu barua ya kwanza ya Werema ilifika Mbita. "Maurice hajambo," aliandika. "Si mtu wa kelele. Hajakosa mhadhara hata mmoja, maana mimi humbeba. Mwalimu wa uchumi alimsifu mbele yetu kwa kusikiliza, akasema sisi wengine tunasema sana. Shida ni moja tu, dada: haandiki." Chini ya barua yalikuwa maswali matatu ya insha, na tarehe.

Wakati huo Rispa alikuwa amepata kazi ya kufundisha darasa la nne pale Mbita, mwalimu asiye na mafunzo. Watoto walipotoka, kabla ya kwenda kuteka maji, alikaa kwenye dawati la nyuma akajibu swali la kwanza. Aliandika kwa hasira. Vitabu alivyovihitaji, Werema aliviazima na kuvituma kwa basi, vimefungwa kwa gazeti, na Rispa alivirudisha Ijumaa pamoja na insha zilizotiwa sahihi ya M. Ombogo, herufi ya O ikiwa imezungushwa mara mbili kama Maurice alivyozoea. Ile insha ya tatu aliiandika kwa furaha. Aligundua hivyo alipofika ukurasa wa mwisho, akiwa anatabasamu, na hapo hasira yake ikazidi ile ya mwanzo.

Alama zilirudi nzuri. Javan alizisoma kanisani, baada ya matangazo ya ndoa.

Kila likizo Maurice alirudi nyumbani, akawekwa kwenye simba yake, ile nyumba ya kijana iliyo karibu na lango. Watu walikuja kumsalimu wakiwa na kuku. Walimuuliza mambo ya serikali, na yeye alikaa kimya, nao waliondoka wakisema kwamba zamani alikuwa mropokaji, elimu imemtuliza. Familia mbili, moja ya Ndhiwa na moja ya Karungu, zilituma watu kuulizia kama ana mchumba. Nicanor ndiye aliyekuja mara nyingi kuliko wote. Alimzunguka Maurice, akamgonga kidogo kifuani kwa kidole, akasikiliza.

"Nilichagua vizuri," alisema. "Lakini mtu mwenye mabinti sita anafanya nini, Javan? Niambie."

Javan alimwambia awe na subira. Mwaka huo, na mwaka uliofuata, foleni ya posta ilizunguka jengo mara mbili.

Mitihani ya mwisho ilikuja mwezi wa tatu, 1967. Maswali ya mtihani hayatumwi kwa basi, na Werema aliandika kwamba hajui la kufanya zaidi ya kumbeba Maurice hadi kwenye kiti na kumwachia kalamu. Asubuhi ya mtihani wa kwanza, Rispa alikuwa akiwafundisha watoto kugawanya kwa tarakimu mbili. Saa tatu kamili mkono wake wa kulia uliacha hesabu katikati, ukashuka mstari mmoja, ukaanza kuandika ubaoni kuhusu sheria za ardhi za wakoloni na jinsi zilivyowageuza wakulima kuwa maskwota. Uliandika saa tatu nzima. Ubao ulipojaa, alifuta kwa mkono wa kushoto na wa kulia ukaendelea. Watoto, waliozoea kunakili kilicho ubaoni, walinakili. Mambo yalikuwa hivyo siku nne, na mkaguzi wa shule aliyepita siku ya tatu aliandika katika ripoti yake kwamba darasa la nne lina nidhamu lakini limeutangulia mtaala.

Maurice alipata shahada ya daraja la pili la juu. Werema alipata daraja hilo hilo.

Javan alikwenda kwenye mahafali. Alirudi na picha: yeye mwenyewe katika koti, Werema akicheka, na katikati yao Maurice katika joho jeusi, kofia imemkaa vizuri kuliko wote wawili. Rispa alibaki kukamua ng'ombe. Picha ilipotundikwa sebuleni, Phelesia aliitazama kwa muda mrefu, akamgeukia binti yake akasema polepole, "Mwandiko ni wako." Ndilo jambo pekee alilowahi kulisema juu ya shahada ile, na Rispa alimshukuru kwa hilo na hakumsamehe.

Maurice alipata kazi katika ofisi moja ya serikali pale Homa Bay. Waliomhoji walisema katika watahiniwa wote ndiye pekee ambaye hakuonyesha kumpendelea mtu wala kumchukia mtu, hakuuliza mshahara, na alipoulizwa maoni yake juu ya mambo yanavyokwenda nchini alikaa kimya. Walimpa chumba chenye dirisha, kiti cha kuzunguka, na mpiga taipu aitwaye Milka.

Werema alihojiwa katika ofisi saba. Katika kila ofisi aliulizwa ametoka upande gani, akasema, na faili ikafungwa kwa upole. Aliambiwa ataletewa habari. Alingoja miezi sita, halafu akarudi kwao akaanza biashara ya ng'ombe. Siku za soko alionekana kule Ogwedhi, ananunua madume kwa Wamaasai na kuyaswaga hadi Migori, fimbo mkononi. Mvua ikinyesha alivaa joho lake la mahafali, kwa kuwa lilikuwa kitambaa kizuri, kizito, na hakikupitisha maji upesi.

Vijana waliona. Hawakuhitaji kuelezwa. Walimwona Werema, aliyekuwa na mdomo na miguu na shahada, akikimbiza fahali kwenye tope, na wengine kama yeye saba au wanane kati ya Migori na Homa Bay, waliorudi mmoja mmoja na masanduku yao. Kisha wakapita Homa Bay wakamwona Maurice dirishani, amekaa. Walifikia uamuzi, nami siwezi kuwalaumu, kwamba chuo kikuu ni kizuri, ila si kwa mtu aliye hai. Mwaka 1968 foleni ya posta ilifika mlangoni tu. Vijana walikuwa wameenda kwenye malori, kwenye samaki wa kukaushwa, na kwenye njia za kuvuka mpaka. Mwaka uliofuata karani wa posta alitoa benchi nje akalala juu yake, maana hapakuwa na wa kumwamsha.

Rispa hakubadilika. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba watu wote walikipenda chuo wakakiacha, kama wanavyopenda wimbo, na yeye bado alikitaka vile vile, kwa njaa ile ile ya pale ukutani posta. Na sasa alikifanyia kazi zaidi, kwa kuwa Maurice hakuweza kutia sahihi. Kila Jumamosi Milka alimpangia mafaili mezani, na Rispa alipanda basi hadi Homa Bay, akasimama kando ya kiti cha kaka yake, akaandika maamuzi. Alikuwa mwadilifu. Wajane walipata hati zao. Chifu mmoja aliyekula mbegu za watu alipelekwa kortini. Wilaya yote ilisema Ombogo ni mkali lakini ni mkweli, hapindiki.

Machi 1969 Javan alimwita binti yake baada ya chai ya asubuhi. Alikuwa amezeeka. Alifungua Biblia kwenye Hesabu akatoa barua iliyokuwa imegeuka rangi ya mkeka.

"Nyara, ile njia niliyokuambia," alisema, "sasa imefunguka. Hakuna anayekitaka tena. Unaweza kwenda."

Rispa alitaka kumtupia ile barua usoni. Badala yake alisikia moyo wake unaruka, kama wa msichana, na alijichukia kwa jinsi ulivyoruka. Alimwambia baba yake asante.

Jumamosi hiyo Milka alimpatia fomu mpya. Ilikuwa na kurasa mbili tu. Mahali pa mwisho palitaka ofisa wa serikali mwenye shahada athibitishe kwamba mwombaji hajafikisha miaka ishirini na mitano. Rispa alikuwa ameifikisha mwezi wa kwanza. Alikuwa ameifikisha kwa wiki nane.

Alifunga mlango. Maurice alikuwa kitini, koti limefungwa kifungo cha juu, ganda lake limekuwa jeusi kidogo upande wa dirishani. Rispa alichovya kalamu. Aliamua kuandika kwamba alizaliwa mwaka 1945, uongo wa mwaka mmoja, wala usingemdhuru mtu. Mkono uliandika 1944. Aliusukuma kwa mkono wa kushoto, akaukandamiza mezani, akauinua tena. Mkono ulikuwa umetumika miaka mitano kwa mtu mwingine, na mtu huyo hakuwahi kusema uongo katika faili. Uliandika kwa utulivu, O imezungushwa mara mbili: "Amepita umri. Ombi halikubaliwi. M. Ombogo." Kisha ukachukua muhuri ukapiga.

Milka aliingia akaukausha wino.

"Pole, dada," alisema. "Bwana hana ndugu akiwa kazini."

"Mbwa wewe!" Rispa alimwambia Maurice. "Mbwa, mbwa wewe! Vyote nilikuandikia mimi!" Alilia pale ofisini, kwa sauti, mchana, mlango ukiwa wazi na wananchi wamekaa kwenye benchi. Wananchi walitazama sakafu kwa heshima. Maurice hakujibu, na Milka akapeleka fomu posta pamoja na barua nyingine za siku.

Jumatatu Rispa alirudi darasani. Kulikuwa na kufundisha, na ng'ombe, na baba aliyeuliza mara moja tu fomu imeishia wapi, akajibiwa, akasema, "Aa, kumbe wana umri," akaonekana kusikitika kweli.

Mwaka huo hakuna kijana hata mmoja kati ya Migori na Homa Bay aliyeomba nafasi chuo kikuu. Yalikwenda mayago manne. Moja lilitoka Ndhiwa, mawili Migori, na moja Rusinga, kwa wale wale wajomba. Wazazi walikuwa wamefikiri: vijana wanarudi na masanduku, lakini yule wa Javan ana kiti cha kuzunguka. Miti ya kando ya mto ilianza kuwekewa alama, huyu na wake, yule na wake. Mabinti waliokuwa wamefaulu, na walikuwa wengi kuliko miaka yote, walipewa daftari wakae karibu na mayago wayaandikie.

Alasiri moja ya Oktoba Nicanor Odera alifika shuleni akisukuma baiskeli. Nyuma ya kiti, limefungwa kwa mpira, lilikuwa yago jipya, bado la kijani, limevaa shati jeupe na tai. Nyuma ya baiskeli alitembea Helen, binti yake wa tano, mwenye miaka kumi na mitano. Rispa alikuwa amemfundisha darasa la nne. Ndiye aliyenakili siku zote nne za ule mtihani bila kuacha nukta, na mwaka uliopita, akiwa amerushwa darasa na ameshakwenda kwenye shule ya misheni, alikuja kumuuliza Rispa mtu anafanyaje ili afike chuo kikuu. Rispa alikuwa amemwambia asome, hakuna njia nyingine.

"Japuonj, mwalimu wetu, nakuletea watoto wawili," Nicanor alisema kwa furaha. "Huyu ni Barnabas."

"Ni nani aliyepotea kwenu, mzee?" Rispa aliuliza. "Sikusikia kilio."

"Hakuna aliyepotea. Barnabas hakuzaliwa. Nilimngoja miaka ishirini." Alilipangusa vumbi lile tunda kwa kiganja, taratibu. "Tumemlilia siku mbili, nimewaita wazee, wamesema ni yeye. Anaanza kidato cha kwanza mwezi wa kwanza. Helen atakuwa naye. Nataka tu umfundishe ule mwandiko wako, ule unaokubaliwa serikalini."

"Helen ana mwandiko wake. Ni mzuri kuliko wangu."

"Ni wa kike, Japuonj. Wewe unajua."

Helen alikuwa amekwisha kuketi kwenye dawati la mbele. Alifungua daftari jipya, akalilaza, akachonga penseli. Hakuonekana kuwa na huzuni. Alimtazama Rispa kwa yale macho yake ya kuwahi, ya mtoto anayengoja swali.

"Mwalimu, nianze na nini?"

"Anza na jina."

"Jina gani, mwalimu?"

Rispa alimwona Nicanor mlangoni, kofia mkononi, na Barnabas juu ya baiskeli. Alihisi hasira ya miaka mitano ikimpanda, safi kama siku ya zizini, na akasema kwa sauti ambayo darasa la pili, upande wa pili wa ukuta, lilisikia:

"Lako. Andika lako, Helen Odera. Usiandike jina la mtu mwingine maisha yako yote."

Alikuwa angali akisema hivyo mkono wake wa kulia ulipookota chaki. Uliandika ubaoni, katikati, kwa herufi za ofisini zilizonyooka, Barnabas Odera, na O ukaizungusha mara mbili.

Helen alimtazama mwalimu, akautazama ubao. Alikuwa amefundishwa, na aliyemfundisha ni Rispa mwenyewe, kwamba mwalimu akisema hivi na ubao ukisema vile, mtu hufuata ubao. Akainama akanakili. Aliipata ile O mara ya kwanza.